Upande wa Kushoto wa Gari la Babu

Mwanangu Saumu,

Najua utacheka ukiona nimeanza hivyo. Siku zote nikikuita mwanangu mbele ya wenzako unaniuliza, "Shangazi, umenizidi miaka minne tu, ulinizaa lini?" Lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, hata kama wewe mwenyewe bado unavaa sare ya shule. Nami nilikuwa ndani ya sare siku ulipoletwa kwa Bibi na mfuko mmoja wa nguo na kikohozi. Bibi alisema, "Habiba, mtoto wako huyu, mpe chai." Nikakupa chai. Tangu hapo sijui kukuita vingine.

Umekwenda kuwaaga wenzako kina Asha. Bibi amejilaza. Naandika alasiri hii kwa sababu ukirudi nikakutazama usoni, sitasema. Unanijua. Neno likitakiwa kutoka mbele ya mtu, nalimeza.

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala kufunga sanduku kwa kufuli. Bibi ameyasema yote wiki nzima, na kesho asubuhi baba yako akija kukuchukua atayasema tena. Nataka kukuandikia habari ya gari la Babu. Unajua liliuzwa, na unajua mimi na baba yako hatusemeshani, lakini hujanisikia mimi nikieleza. Unakwenda Malindi kusoma na kuishi naye. Afadhali uende ukiwa umesikia.

Unalikumbuka gari lilivyokuwa Babu akiwa hai. Rangi ya maziwa, lina ile mikanda mipana ya plastiki nyeusi pembeni, chini ya milango. Alilitumia kuleta ndizi na maembe kutoka shambani Wenje. Mwaka wa mafuriko makubwa lilimshinda kulitoa. Mto ulipanda usiku mmoja, naye akaokoa watu na mbuzi, gari likabaki pale pale limeinamia kushoto, maji yamefika milangoni. Maji yalipopungua alilivuta, akalikausha injini, akaliosha kwa ndoo na kitambaa mpaka liking'aa. Fundi mmoja akamwambia afungue na ile mikanda ya plastiki aoshe ndani yake. Babu akamcheka. "Tope la mto? Hilo ndilo linalonilisha, litaniharibia nini?"

Sisi watu wa mto tuko hivyo. Maji yakishuka tunakimbilia kupanda kwenye tope kabla halijakauka, na mtu akituambia tope lile lile linaoza bati, tunamwona mgeni. Babu aliamini hivyo mpaka alipofariki. Nami niliamini, mpaka siku mimi na wewe tulipofungua mkanda wa kulia.

Ile siku naipenda bado. Sitaki baba yako aninyang'anye na hiyo. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, sina la kufanya, na baba yako alikuwa amekuja kutoka Malindi akisema gari liuzwe kabla halijawa banda la kuku. Akaniambia, "Biba, wewe una mikono ya subira. Angalia kutu." Nilivimba kichwa. Tukalisogeza juani saa sita ili gundi ilainike, ukaleta mshipi wa kuvulia kambale, wewe ukashika ncha moja na mimi nyingine, tukaupitisha nyuma ya plastiki tukivuta huku na huku kama wapasua mbao. Ulikuwa unaimba. Mkanda ulipoachia, udongo ulimwagika miguuni kwetu, mkavu, laini kama unga, na ndani yake kulikuwa na jani moja la kijani limejikunja. Ukapiga kelele, "Shangazi, Babu amelima mpaka gari!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Chini ya ule udongo bati lilikuwa limevimba rangi kama ngozi iliyoungua. Kazi yake uliiona. Tulikwangua kwa brashi ya waya, tukapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukabonyeza kila mahali kwa ncha ya bisibisi kuona kama patazama. Hapakuzama. Penye vitundu vya vibanio vya mkanda kutu ilikuwa imekula pembeni kidogo tu. Tukapaka dawa ya kutu, ikageuka nyeusi, tukaiacha ikauke kabisa ingawa baba yako alipita akisema, "Nyinyi mnatengeneza gari au mnalea mtoto?" Kisha praima, kisha rangi, na kwenye kila kitundu tukasiliba grisi ili maji yasipate njia, ndipo tukarudisha mkanda. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Naweza kuusemea mbele ya yeyote.

Kesho yake nikaenda Hola kufuatilia kitambulisho. Ofisini wakaniambia nirudi asubuhi, nikalala kwa binamu ya Bibi. Niliporudi Garsen nilikuta upande wa kushoto umekwisha. Mkanda umebanwa, rangi inang'aa, baba yako ameketi kibarazani anakula tikiti.

"Umemaliza peke yako?" nikamuuliza.

"Kwani fundi ni wewe tu?"

"Hapakuwa na tundu?"

"Tundu gani? Upande huu ulikuwa msafi kuliko wenu. Nimekwangua mpaka chuma cheupe, kama ulivyofanya wewe, mwalimu wangu."

Saumu, mimi nilijua gari liliinamia kushoto. Nilikuwa mdogo lakini nililiona kwa macho yangu, upande ule ndio uliolala ndani ya maji. Hata mtoto angejua upande upi umeumia zaidi. Ningeweza kuchukua mshipi nikafungua mkanda hata kwa urefu wa kiganja, nikabonyeza mara moja. Sikufungua. Kufungua kungekuwa kumwambia kaka yangu, "Sikuamini." Na huyu ndiye kaka aliyenibeba mabegani kuvuka maji mwaka ule ule, akiniambia nifumbe macho nisiuone upana wake. Nilifumba. Nadhani niliendelea kufumba miaka yote hiyo, na sikuona taabu, kwa sababu mabega yake yalikuwa imara.

Siku ile ile Mama Sahra akaja kuliangalia. Wewe unamjua tangu ukinunua peremende kwake, lakini hukuwa karibu tulipozungumza, Bibi alikuwa amekutuma. Alitaka gari la kuleta maziwa ya ngamia kutoka kwa jamaa zake wanaochunga, na kupeleka bidhaa za duka. Alizunguka, akapiga teke magurudumu, akafungua na kufunga milango. Baba yako akasema mengi. Mama Sahra akamwinulia mkono.

"Wewe warya, kijana, nyamaza kidogo. Mimi simuulizi mtu anayeuza." Akanigeukia, akaniita dada kwa Kisomali chake. "Abaayo, wewe ndiye umefanya kazi hii. Chini ya hii plastiki iko nini? Mimi napakia watu wangu humu."

Baba yako akacheka. "Muulize! Huyu dada yangu akisema uongo anapata homa siku tatu."

Wote wawili wakaniangalia. Nikasema, "Tumekwangua mpaka chuma cheupe, pande zote mbili."

"Kwa macho yako?"

"Ndiyo."

Hilo "ndiyo" ndilo ninalolibeba. Upande mmoja niliuona kwa macho yangu. Mwingine niliuona kwa macho ya baba yako. Mama Sahra alinipa mkono mimi kwanza, ndipo akampa yeye.

Ukapita kama mwezi na zaidi. Kisha asubuhi moja Mama Sahra akaja hapa kwa miguu, ameshika mkanda wa plastiki mweusi, akauweka chini mlangoni. Bibi akamkaribisha chai. Hakukaa.

"Abaayo, tumepata pancha pale Minjila. Dereva wangu ameweka jeki, anapiga, anapiga, gari halipandi. Jeki inapanda, gari halipandi! Imeingia ndani kama kijiko kwenye ugali. Halafu gari likakaa chini, puu. Miguu yake ilikuwa humo."

"Ameumia?"

"Amechubuka goti. Mungu amemtoa." Akaniangalia. "Mimi sikumuuliza kaka yako. Nilikuuliza wewe."

Bibi akasema, "Mama Sahra, huyu mtoto hajui kudanganya."

"Najua," akajibu Mama Sahra. "Ndiyo maana nilinunua."

Akaondoka. Sijawahi kupigwa kofi likauma namna ile.

Nilimpigia simu baba yako nikiwa nyuma ya choo, Bibi asinisikie. Mwanzo alijifanya haelewi. Kisha akasema, "Sasa ulitaka nifanye nini? Kila gari la zamani liko hivyo chini. Mnunuzi anajua."

"Mama Sahra hakujua. Aliniuliza mimi. Umenitumia, kaka."

"Nimekutumia wapi? Nilikuomba useme uongo? Ulisema mwenyewe, Biba. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimenyamaza."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko jambo lolote nililofundishwa darasani, na sijapata pa kulishika. Ni kweli hakuniomba niseme uongo. Alihakikisha tu kwamba siujui ukweli, halafu akamwambia mtu aniulize. Angeweza kusimama akasema yeye mwenyewe, lakini neno lake halina bei hapa Garsen, langu lilikuwa nayo. Akauza hilo pamoja na gari.

Sikuandikii haya ili umchukie. Baba yako atakupenda. Atakununulia viatu ambavyo hukuomba, atakuja shuleni siku ya wazazi amevaa vizuri kuliko wote, na wenzako watatamani angekuwa baba yao. Nami nilimtamani hivyo na nilikuwa naye. Ninachojua sasa ni kimoja tu, nacho nimekipata kwa uchungu: akianza kukusifu mbele ya watu, kwamba wewe ni mkweli, kwamba wewe huna hila, furahi, lakini sikiliza kinachofuata. Jiulize anataka useme nini, na kama umekiona. Kama hukukiona, sema hukukiona. Ni maneno mepesi sana. Mimi yalinishinda kwa sababu nilidhani yatamwaibisha.

Ningeweza kuishia hapa, barua ikawa juu ya baba yako peke yake. Nimeinuka mara mbili nikitaka iwe hivyo.

Nilikwenda Minjila na Mama Sahra kwa fundi wa kuchomelea. Nilimwomba anipeleke, sikutaka kusubiri kuitwa. Nikamweleza yote njiani, kwamba upande wa kushoto sikuugusa, kwamba nilisema ndiyo kwa kitu ambacho sikukiona. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya," akatangulia mbele kuelekea kwa fundi.

Fundi akapitisha grainda juu ya rangi. Fila, ile lipu ya kuzibia mashimo, ikatoka vipande vinene kama maganda ya muhogo. Chini yake hapakuwa na bati. Kutu ilikuwa imekula kizingiti chote cha chini ya milango, kile kinachoshikilia gari, ukabaki mdomo mrefu mweusi, na ndani ya ule mdomo kulikuwa kumeshindiliwa nguo. Fundi akaingiza koleo, akavuta. Ikatoka imelowa, imejaa kutu. Akaikunjua, akaangua kicheko.

"Jamani! Joto hili la Minjila, gari limevaa sweta!"

Mafundi wote wakaja kuangalia. Mmoja akauliza kama lina soksi pia.

Saumu, ilikuwa sweta yako ya shule, ile ya kijivu. Kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku kilipokatika mimi ndiye niliyekishona na hatukuwa na uzi wa kijivu. Uliniambia umeipoteza uwanjani. Nilikwenda na wewe uwanjani kuitafuta. Tuliuliza mpaka kwa mwenye mbuzi. Ulitembea nami jioni yote ukitazama vichakani.

Basi ulikuwepo. Nikiwa Hola nalala kwa watu, wewe ulikuwa uani na baba yako, ukaona lile tundu, ukaenda ndani ukaleta sweta. Wewe uliyebonyeza bati na bisibisi upande wa kulia, ukaniambia, "Hapa pazima, shangazi, na hapa pazima." Ulijua kwa nini tunabonyeza. Nilikufundisha mimi.

Nimejaribu kukutetea, na naweza. Ni baba yako. Humwoni ila mara chache kwa mwaka, na siku ile mlikuwa wawili peke yenu, anakupa kazi, anakuita fundi wake. Pengine alikwambia, "Hii ni siri yetu, usimwambie shangazi," na hukuwahi kuwa na siri na baba. Ningekuwa wewe, na mimi ningekimbia kuleta sweta. Nayaelewa yote hayo. Lakini kaka yangu aliponifanyia hivi, nilikuwa na mahali pa kukimbilia kwa moyo wangu, nilisema angalau ninaye Saumu. Pale Minjila, wale watu wakicheka, nikaona sina.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo ni langu. Mama Sahra aliichukua ile sweta kwa vidole viwili, akaigeuza. Akaniuliza, "Abaayo, hii ya nani?"

Nikasema, "Sijui."

Akasema, "Haya," akaiweka chini. Mara ya kwanza nilimdanganya bila kujua kilichokuwa ndani. Mara hii nilijua. Ilinitoka upesi, bila kumeza hata mate, mimi ambaye siwezi kumwagiza muuzaji chumvi bila kurudia mara mbili. Nilikuwa nakuficha wewe. Sikufikiri. Mama hafikiri.

Kizingiti kimekatwa, kimechomelewa bati jipya, na kila asubuhi tangu Jumatatu nimekuwa nikienda pale kupiga msasa na kupaka dawa na praima, kwa sababu nilimwomba Mama Sahra aniachie sehemu hiyo. Ameniruhusu. Hajaniambia amenisamehe, nami sijauliza. Ananiletea maji ya kunywa, basi. Baba yako alipojua nakwenda pale, alipiga simu akasema nimemvua nguo mbele ya mji, na kwamba likizo zako utakuwa unazimalizia Malindi. Bibi hajui hilo. Sasa unalijua wewe. Sijui kama nitakuona mwezi wa nne, au wa nane, au lini.

Kwa hiyo sikutaka uondoke na mimi nimekaa kimya, nikikupakia sanduku na kutabasamu, halafu nikae hapa miezi nikikuchukia kidogo kidogo. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia kuliko baba yako, kwa sababu yeye sikumlea. Na bado wali wako wa nazi wa leo nimeukunia nazi mbili.

Jana Mama Sahra aliniita dukani. Amekutengea zawadi ya kwenda nayo shule: sabuni, majani ya chai, biskuti, na shuka mpya, vimefungwa kwa karatasi. Alikuwa akitabasamu alipovitoa, mara ya kwanza tangu siku ile ya Minjila. "Mpelekee yule mtoto," akasema. "Yeye ni mzuri, ananisaidia kupanga mikebe."

Sikuvipokea. Nilimwambia utakuja kuvichukua mwenyewe.

Duka halifungwi mpaka baada ya isha, kwa hiyo muda unao. Sitakufuata, wala sitamtuma mtu, na ukirudi sitakuuliza ulisema nini au hukusema. Vifaa vyako vyote viko ndani ya sanduku, hakuna kinachopungua. Nimeacha tu nafasi upande mmoja, saizi ya kile kifurushi.

Shangazi yako,
Habiba